Programu ya Nyumba ya Kungojea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayemuumba mtu ndani ya tumbo la mama yake, mahali pasipoingia jicho wala taa, kisha akamtoa kwa wakati alioupanga Yeye. Namshukuru kwa macho haya ambayo mpaka leo yanasoma maandishi madogo ya kompyuta kwa msaada wa miwani tu. Namshukuru kwa kazi aliyonipa uzeeni, maana wapo wa rika langu wenye nguvu za kufanya jambo lakini hawana jambo la kufanya. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na watu wake, na wote walioishika njia yao.

Baada ya hayo, nataka kueleza asubuhi moja ya masika na hitilafu iliyonifundisha kitu.

Nimefanya kazi ya simu maisha yangu yote, tangu zile za waya. Kompyuta zilipoingia ofisini tulipelekwa kusoma. Wenzangu wengine walizichukia, mimi nikazipenda. Kuandika programu kulinikumbusha chuoni, kwa mwalimu wangu wa Kurani, ambako ukikosea irabu moja ulirudishwa mwanzo wa aya. Mashine nayo ndivyo ilivyo. Haikasiriki, haikuchapi, ila haikuruhusu kuendelea. Nilipostaafu nilirudi nyumbani Handeni, na kompyuta yangu nikaja nayo.

Korogwe kuna nyumba ambayo akina mama wa kanisani na wa msikitini waliungana kuifungua, karibu na hospitali, ili wajawazito wanaotoka mbali wakae humo wiki zao za mwisho. Tunaiita nyumba ya kungojea. Msimamizi wake ni muuguzi mstaafu, Msambaa wa upande wa Lutindi, Mkristo mwenye maombi mengi na maneno mengi zaidi. Mimi humwita Sista, kama wauguzi wote wanavyoitwa. Ndiye aliyeniomba nimtengenezee njia ya kupokea taarifa za akina mama kutoka kwa wakunga wa vijijini. Mkunga anajaza maelezo kwenye simu yake, programu yangu inayapokea na kuyatunza, na Sista akifungua ukurasa wake kule Korogwe anaona nani anakuja, kutoka wapi, na lini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuandika programu, nieleze kidogo. Ndani ya programu, mama mjamzito ni kitu kizima chenye sehemu zake: jina, kijiji, tarehe anayotarajiwa kujifungua, uzazi uliotangulia, na mtu atakayemsindikiza. Kitu hicho kinaishi ndani ya mashine tu, hakiwezi kusafiri kikiwa hivyo. Ili kifike Korogwe lazima kigeuzwe kuwa mstari mrefu wa maandishi, na kikishafika kigeuzwe tena kuwa kitu. Mimi huita kazi hiyo kufungasha. Mtu anayehama huvunja kitanda chake, akafunga mbao kwa kamba, akakiunga upya kule anakokwenda. Kisichofungika hakihami.

Siku ya kwanza kuipandisha programu kwenye seva, mashine ya kukodi iliyo mbali ambayo sijawahi kuiona, ilikataa kufungasha tarehe. Nyumbani kwangu ilikuwa imekubali. Nikatafuta, nikaona kwamba kifungashio, chombo cha programu kinachofanya kazi hiyo, cha kwangu kilikuwa toleo jipya kuliko cha kule. Nikasawazisha matoleo, nikaiagiza programu iandike tarehe kama maandishi ya kawaida, ikakubali. Nikasema alhamdulillahi. Kwa muda kila kitu kilikwenda vizuri, na nikadhani shida ya kufungasha imekwisha.

Asubuhi ninayoisimulia nilikuwa nimemaliza kusoma juzuu yangu baada ya alfajiri, na nakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na uwanja umejaa maji. Simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Sista. Mmeamkaje huko?"

"Sisi tumeamka salama. Programu yako ndiyo haijaamka."

"Inaonyesha nini?"

"Haionyeshi. Ukurasa mweupe. Jana asubuhi ulikuwa na majina, leo hauna hata moja. Nimeufunga, nimeufungua, nimeuombea."

"Umeuombea kwa lugha gani?"

"Kisambaa."

"Basi ndiyo maana. Imeandikwa na Mzigua."

Akacheka, lakini kidogo. Halafu akanieleza kilichokuwa kinamsumbua, na naomba msomaji akishike, maana ndicho kilichobeba asubuhi ile.

Gari la nyumba ya kungojea lilikuwa litoke siku hiyo kuja kuchukua akina mama wa upande wetu wa Handeni. Dereva alikuwa ameshaiangalia mbingu na kusema kwamba mvua ya mchana haitamruhusu kwenda pande mbili. Ama aende Kwedizinga, ama aende Kang'ata. Upande mwingine utangoja mpaka barabara ikauke, na katika masika hakuna ajuaye ni lini. Kwedizinga alikuwako mama wa uzazi wa kwanza, mzima, ambaye bado alikuwa na muda. Kang'ata kulikuwa na jambo lisilojulikana.

"Mkunga wa kule alinipigia jana kabla mnara wao wa simu haujazimika," Sista alisema. "Akaniambia ana mama aliyepasuliwa uzazi uliopita. Akasema, watu wa kwao wakikubali aje nitakutumia taarifa zake. Sasa sijui kama walikubali, wala sijui siku zake zimefika wapi. Simu ya mkunga haipatikani."

"Na kama walikubali?"

"Kama yumo na siku zimekaribia, gari linakwenda Kang'ata. Huyo si wa kushikwa na uchungu njiani, mzee. Kovu linaweza kuachia. Kama hayumo, au bado ana miezi, linakwenda Kwedizinga. Dereva anasema atangoja, ila akiona wingu limeshuka hatoki kabisa."

"Mwambie anywe chai."

"Ameshakunywa. Sasa anakunywa ya kwangu."

Huenda mtu akauliza kwa nini sikufungua tu ghala la taarifa nikamsomea. Sikuweza, na nilitaka iwe hivyo. Habari za mwili wa mwanamke ni siri yake, na mimi ni mwanamume niliyekabidhiwa amana. Tulipoanza nilizifunga taarifa zote kwa namna ambayo ni programu yenyewe tu inazifumbua, na ni kwenye ukurasa wa Sista tu zinakosomeka. Mimi nikitazama ghala naona namba ambayo programu imempa mama, jina la zahanati, na namba ya msindikizaji wake. Mengine ni herufi zisizo na maana. Asubuhi ile nililihisi uzito wa uamuzi huo, lakini sikuujutia.

Nikafungua kumbukumbu za seva, yale maandishi ambayo mashine huandika kila linapoipata jambo. Yalisema kwamba programu ilianza kufungasha orodha, ikaendelea kufungasha, ikaishiwa nafasi, ikaanguka. Seva ikaiinua. Sista akafungua ukurasa, ikaanguka tena. Haikuwa tarehe safari hii. Tarehe hukataa papo hapo kwa neno moja. Hapa hapakuwa na neno la kukataa, ila kazi isiyokwisha.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba akina mama wameongezeka na seva ni ndogo. Nikaiongezea nafasi. Ikachukua muda mrefu zaidi kabla ya kuanguka, basi. Hapo nikajua tatizo si ukubwa wa mzigo. Mzigo mkubwa ukipewa nafasi hutosha. Huu ulikuwa unakula kila nafasi unayopewa.

Nikafanya tulivyokuwa tukifanya kwenye waya. Waya mrefu ukikatika hutazami wote kwa pamoja; unapima kipande kimoja kimoja mpaka ukute panaponyamaza. Nikatengeneza njia ya kumwita mama mmoja tu kwa namba yake, nikaipandisha, nikampigia Sista.

"Tutafungua mmoja mmoja. Nikikutajia namba, iandike pale juu, uniambie kama amefunguka. Usiniambie jina."

"Najua, mzee. Sheria zako nimezishika kuliko amri kumi."

Nikamtajia wa kwanza.

"Amefunguka."

Wa pili akafunguka. Wa Kwedizinga akafunguka, na Sista akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye, bado ana wiki zake, Mungu amtunze." Tukaendelea hivyo, mimi natazama namba, yeye anasema amefunguka, amefunguka, na nyuma yake namsikia dereva akiuliza kama tunafanya mnada.

Kisha tukafika kwenye namba za Kang'ata. Zilikuwa mbili, zote zimeingia jana, moja nyuma ya nyingine.

"Huyu hafunguki," Sista alisema. "Kiduara kinazunguka tu."

"Huyo ni wa Kang'ata. Jaribu anayefuata, naye ni wa huko."

Akaandika. "Naye anazunguka."

"Wengine wote wamefunguka?"

"Wote. Hao wawili tu. Mzee, hao ndio ninaowataka."

"Najua."

"Wingu limeanza upande wenu?"

Nikatazama dirishani. Lilikuwa limeanza, lakini juu bado. Nikamwambia anipe muda kidogo, nikakata simu. Nikasoma dua ninayoisoma kila jambo linaponifungia, ile ya kuomba kifua kikunjuliwe na kazi iwe nyepesi. Sikuisoma kama mtu anayegonga mlango kwa fujo. Niliisoma taratibu, kisha nikarudi kwenye zile namba.

Wawili hao walikuwa na nini ambacho wengine hawana? Zahanati moja, siku moja. Hilo lisingeweza kuangusha programu. Nikatazama sehemu ya mwisho ninayoruhusiwa kuiona, namba ya msindikizaji. Hapo mimi na Sista tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba msindikizaji naye aandikwe kama mtu kamili, mwenye maelezo yake, ili siku akija yeye mwenyewe kujifungua asiulizwe upya. Kwa hiyo programu ikimfungasha mama, inamfungasha na msindikizaji wake ndani yake.

Msindikizaji wa yule wa kwanza alikuwa ni yule wa pili. Msindikizaji wa yule wa pili alikuwa ni yule wa kwanza.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikatazama tena.

Niliwakumbuka watu wawili ambao mashine hiyo haiwajui. Marehemu mke wangu na dada yangu. Mke wangu alipokaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza, aliyekwenda naye ni dada yangu, wifi yake, wakati dada naye alikuwa mjamzito wa miezi michache na amevaa kanga mbili kuficha. Zamu ya dada ilipofika, mke wangu alifunga mtoto mgongoni na kifurushi cha unga kichwani, akaenda kukaa naye mpaka alipojifungua. Ikawa hivyo kila uzazi. Mama yangu alikuwa hai, mama mkwe alikuwa hai, lakini wale wawili hawakutaka mtu mwingine. Ungemuuliza yeyote kati yao nani atakusindikiza, angesema wifi yangu, na mwenzake angejibu vivyo hivyo, bila kufikiri nani anatangulia. Kwa jinsi wanavyoitana ni sawasawa. Huyu ni wifi wa yule na yule ni wifi wa huyu.

Nilipoijaribu programu nyumbani, nilijitungia akina mama wa mfano, na kila mmoja nikampa msindikizaji mtu mzima: mama mkwe, shangazi, bibi. Hao hawangojei kujifungua, kwa hiyo hawana msindikizaji, na programu ikifika kwao inakuta mwisho. Niliijenga kama tulivyosomeshwa mapokezi ya hadithi za Mtume: fulani kasikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani, mpaka ufike kwa mwenyewe, amani iwe juu yake, hapo unasimama. Mlolongo huo haurudi nyuma. Lakini mawifi hawakai hivyo. Programu ilianza kumfunga mmoja, ikamkuta ndani yake mwenzake. Ikamfunga mwenzake, ikamkuta ndani yake yule wa kwanza. Ikamfunga tena, na tena, mzigo ndani ya mzigo, mpaka nafasi ikaisha. Na kwa kuwa wote husafiri katika orodha moja, wao wawili walipokwama wakakwama na wenzao wote.

Nikampigia Sista.

"Nimewapata. Ni watu wanaosindikizana."

"Kusindikizana ni kosa?"

"Si kosa. Kosa ni langu na lako, hatukuwafikiria. Huyu kamtaja yule, yule kamtaja huyu, na programu imeshindwa kujua imalize wapi."

"Hao ni mawifi," akasema hapo hapo.

"Umejuaje?"

"Wangekuwa dada na dada, mama yao angetaka kumsindikiza mmoja wao mwenyewe. Mawifi tu ndio wenye ubishi huo." Kisha akasema, "Tengeneza, mzee. Dereva amesimama mlangoni."

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo. Mahali pa msindikizaji, programu isimfungashe mtu kamili. Iandike namba yake tu. Anayetaka kumjua atamfuata kwa namba hiyo, naye yupo hapo hapo kwenye orodha, na nafasi yake mwenyewe. Kumtaja mtu kunatosha, huna haja ya kumbeba ndani ya mwenzake.

Mkono ulitaka kupandisha papo hapo. Niliuzuia. Nimeona mafundi wengi wakikata waya mzima kwa haraka ya kuunga uliokatika. Kwanza nikatunga wanawake wawili wa mfano kwenye mashine yangu, kila mmoja msindikizaji wa mwenzake, nikaiendesha programu ya zamani. Ikaanguka vilevile kama kule. Nikafurahi kuiona ikianguka, maana ugonjwa ukishauona nyumbani kwako unaweza kuutibu. Nikaendesha mpya. Ikatoa mistari miwili mifupi, kila mmoja na namba ya mwenzake mwishoni. Nikaangalia na wale wa zamani, wenye mama wakwe na mashangazi, nao wakapita. Nikasema bismillahi, nikapandisha.

"Fungua, Sista."

Nilisikia vidole vyake kwenye vitufe. Nilisikia kiti. Nikajua kwamba anasoma. Sikumuuliza anasoma nini. Nilikuwa natazama wingu, ambalo sasa lilikuwa limefika juu ya paa la jirani.

Kisha akasema, na hakuwa anasema na mimi: "Kang'ata. Nenda sasa hivi. Wako wawili, wa kumpakia na wa kumsindikiza."

Dereva akajibu kitu ambacho sikukishika, mlango wa gari ukafungwa, na Sista akarudi kwenye simu.

"Mzee."

"Naam."

"Siku zake zimekaribia kuliko nilivyodhani."

Sikumtaka aongeze zaidi ya hapo. Nikamwambia tumwachie Mungu barabara, akasema amina, tukaagana.

Mvua ilishuka baada ya adhuhuri, nzito, mpaka sauti ya imamu aliyekuwa akiomba dua ikapotea chini ya mabati. Nilibaki msikitini na watu wachache nikivuta tasbihi. Niliwaza makorongo ya njia ya Kang'ata, ninayoyajua tangu utoto, na yule mama wa Kwedizinga ambaye angetoka kutazama barabara na asione gari. Nikamwombea na yeye, asije akadhani amesahauliwa. Jioni ujumbe wa Sista uliingia, maneno mawili: "Wamefika. Wanakula."

Mama yule alipasuliwa mchana wa siku iliyofuata, kwa mpango, madaktari wakiwa wamejiandaa, akapata mtoto wa kike. Jua liliwaka tena, barabara ikapitika, na mama wa Kwedizinga alifuatwa akiwa bado na wiki zake mkononi. Alilalamika kwa Sista kwamba alikuwa ameshafungasha nguo siku nyingi mpaka akazifungua tena.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Korogwe kubadilisha kifaa cha mtandao pale kwenye nyumba ya kungojea. Barazani walikuwa wamekaa wanawake wawili wakichambua mchele kwenye ungo mmoja. Mmoja alikuwa na mtoto mapajani, mwingine tumbo limefika mbele. Wakaniamkia, nami nikawaitikia. Sista akawaambia kwamba mimi ndiye fundi wa ile kompyuta.

"Kumbe ni wewe, babu," alisema mwenye mtoto. "Sista anasema tulikusumbua."

"Hamkunisumbua. Nilishindwa kuwafunga, kila nikimfunga mmoja anamvuta mwenzake."

"Mlaumu huyu wifi yangu. Tangu niolewe kwao hajaniacha niende hata kisimani peke yangu."

"Ningekuacha ungerudi?" mwenzake akasema, bila kuinua macho kwenye mchele. "Siku ya kwanza tu ulipotea na ndoo."

"Nilikuwa mgeni."

"Mgeni wa kisima kinachoonekana toka mlangoni."

Yule mwenye mtoto akanigeukia. "Unasikia, babu? Na huyu ndiye nimekuja kumshika mkono."

Sista alinipa chai. Nilikaa pembeni nikawasikiliza wakichambua na kubishana, mtoto akinyonya kidole na kutazama ungo. Siwezi kusema nilifanya jambo kubwa. Programu iliandikwa upya sehemu moja ndogo, na dereva aliyevuka makorongo alifanya zaidi. Lakini nilipomtazama yule mtoto nilimshukuru Mola wangu kwamba alinikumbusha wawili wa nyumbani kwangu wakati wingu bado liko juu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe mtu wa kukushika mkono saa yako ikifika, na akupe nguvu za kumshika na yeye yake ikifika. Akufungulie kilichokufungia, aizidishie baraka kazi ya mikono yako, na awafikishe salama wote unaowangojea. Amina.